Siku 28 za Likizo: Namna ya Kuzipanga Zisipotee

Somo kwa makatibu, watumishi na wajumbe wa Bodi za vyama wanachama



Somo hili linahusu mali moja ya mtumishi ambayo aghalabu haionekani katika leja wala katika kasha la fedha, nayo ni siku zake za mapumziko. Mali hii ni chache. Ikitumiwa ovyo huisha kabla mwenyewe hajajua kuwa ameitumia, na ikizuiliwa na mwajiri hugeuka deni.

Tuchukue mfano wa chama kidogo cha akiba na mikopo huku Kigamboni, chenye meneja, karani mmoja wa fedha na mlinzi. Januari karani haendi likizo, kwa kuwa wanachama wanataka mikopo ya mahitaji ya shule. Machi haendi, kwa kuwa hesabu za mwaka zinatayarishwa. Juni anaombwa asubiri mkutano mkuu. Desemba meneja amekwisha kuaga, na wawili hawawezi kuondoka pamoja. Katikati ya mwaka huo karani amechukua ruhusa za siku moja moja: moja kuvuka kwenda benki kwa shida zake, mbili za harusi, tatu za matanga ya mjomba. Mwaka unapokwisha, akiulizwa amepumzika lini hana la kujibu. Bodi nayo ikiulizwa inadaiwa naye siku ngapi, haina la kujibu. Hasara hii ni ya pande mbili, nayo imetokea bila mtu yeyote kukusudia ubaya.

Sheria inasemaje

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, katika kifungu cha 31, inampa mtumishi likizo yenye malipo ya siku 28 mfululizo kwa kila mzunguko wa miezi 12. Neno "mfululizo" lisomwe polepole. Maana yake ni kwamba Jumamosi na Jumapili zimo ndani ya hesabu, na sikukuu ya umma ikiangukia ndani ya siku hizo nayo imo, haifidiwi.

Wako wanaojilinganisha na wenzetu wa Kenya, ambao sheria yao ya ajira ya mwaka 2007 inataja siku 21 za kazi, wakadhani sisi tumewazidi kwa siku 7. Sivyo. Siku 28 za kalenda ni wiki 4, na wiki 4 za ofisi inayofanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa zina siku 20 tu za kazi. Sheria yetu yenyewe inaithibitisha hesabu hiyo mahali pengine. Mtumishi anayeacha kazi akiwa na likizo ambayo hajaichukua hulipwa mshahara wa msingi wa siku 1 kwa kila siku 13 za kazi. Mwaka una wiki 52, yaani siku 260 za kazi. Gawanya kwa 13, utapata 20. Chama kinachofungua hadi Jumamosi kina siku 312, nazo ukizigawanya kwa 13 utapata 24. Namba hiyo, 20 au 24 kwa kadiri ya chama chenu, iandikwe kwenye jalada la ndani la daftari la likizo, kwa maana tutairudia.

Mkataba Na. 132 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1970, unasema sikukuu za umma zisihesabiwe ndani ya likizo. Sheria yetu imefuata njia nyingine. Hata hivyo, sheria huweka kiwango cha chini. Bodi ikipenda kuwatendea watumishi wake vema zaidi, hakuna kinachoizuia, mradi uamuzi uandikwe katika muhtasari wa kikao na katika kanuni za utumishi, usibaki kuwa hisani ya meneja kwa anayempendelea.

Yako mambo mengine mawili ambayo katibu hana budi kuyajua. La kwanza, mwajiri ndiye anayepanga wakati wa likizo, lakini hana ruhusa ya kuiahirisha apendavyo. Likizo yapasa ichukuliwe kabla haijapita miezi 6 tangu mzunguko ulipokwisha. Muda huo waweza kufika miezi 12 ikiwa mtumishi ameridhia na mahitaji ya kazi yanaonyesha sababu ya kweli. Mtu aliyeajiriwa tarehe 1 Julai, mzunguko wake huisha 30 Juni, na Bodi inayo hadi 31 Desemba kumpa nafasi. La pili, mshahara wa kipindi cha likizo hulipwa kabla mtumishi hajaondoka. Hapo ndipo vyama vingine hukwama: likizo imekubaliwa, barua imeandikwa, lakini fedha haikutengwa, na mtumishi anakaa nyumbani wiki ya kwanza akingoja mshahara wa kumwezesha kusafiri. Siku zinahesabika naye hajaondoka Mjimwema.

Kuchagua siku ya kuanza

Kwa kuwa siku 28 huhesabiwa mfululizo, siku ya kuanza ina thamani yake. Mtumishi wa ofisi isiyofungua Jumamosi akianza likizo Jumatatu, Jumamosi na Jumapili zilizotangulia ni zake kwa haki na hazimo katika hesabu. Ameaga Ijumaa jioni, anarudi kazini Jumatatu ya wiki ya tano, amepumzika siku 30. Mwenzake aliyeanza Jumatano atamaliza Jumanne na kurudi Jumatano. Huyo amepata 28 kamili wala hapana cha ziada. Wote wawili wameandikiwa barua ya namna moja, na chama hakikupoteza chochote kwa yule wa kwanza.

Sasa tuangalie sikukuu, kwa kalenda ya mwaka 2026. Mtumishi anayeanza likizo Jumatatu tarehe 30 Machi atamaliza Jumapili tarehe 26 Aprili. Ndani yake imo Ijumaa Kuu ya tarehe 3, Jumatatu ya Pasaka tarehe 6, na Siku ya Karume, Jumanne tarehe 7. Siku hizo 3 angepumzika hata kama hakuwa likizoni. Pasaka yenyewe na Sikukuu ya Muungano zimeangukia Jumapili, kwa hiyo hazibadilishi hesabu. Anayeanza Jumatatu tarehe 1 Juni na kumaliza Jumapili tarehe 28 Juni hakuti sikukuu hata moja ndani ya siku zake. Amekwisha kupumzika zile za Aprili pamoja na ofisi nzima, kisha anazo zake zote. Ndivyo ilivyo pia kwa anayeanza tarehe 7 Septemba na kumaliza tarehe 4 Oktoba.

Hatusemi kwamba mtu asiende kwao Pasaka. Mama mzee aliyeko Njombe, anayetaka kuwaona wajukuu kanisani siku ile moja, ana thamani kuliko siku 3 za hesabu yetu. Tunachotaka ni mtu ajue bei kabla ya kununua. Idd, Maulidi na nyinginezo zinazotegemea kuandama kwa mwezi hazipangiki kwa kalenda ya ukutani peke yake. Yafaa kuacha nafasi ya siku moja au mbili kabla ya kukata tikiti.

Likizo ya vipande

Sheria inazungumzia siku mfululizo, lakini watu wengi huomba kuzigawa, na waajiri wengi hukubali. Yapo manufaa. Katika mwaka huohuo wa 2026, mtumishi akiomba siku 3 tu, Jumatano tarehe 8 hadi Ijumaa tarehe 10 Aprili, atapumzika kuanzia Ijumaa Kuu tarehe 3 hadi Jumapili tarehe 12. Hizo ni siku 10 kwa gharama ya 3. Mwenye familia Tanga au Morogoro atakwenda na kurudi bila haraka, na bado likizo yake kubwa ipo.

Lakini kuna mtego, nao hugombanisha watu. Mtumishi akichukua Jumatatu hadi Ijumaa, je, ametumia siku 5 au 7? Akihesabiwa 5, ataweza kufanya hivyo mara 4, apumzike siku 36 pamoja na Jumamosi na Jumapili za pande zote mbili, na bado adai siku 8 zilizobaki. Mwenzake aliyechukua zote kwa mkupuo amepata 30. Mtumishi mwepesi wa hesabu atafaidi na yule mnyamavu ataumia, na manung'uniko yatafika kwenye Bodi yakiwa yamekwisha kuchacha.

Dawa yake ni ile namba tuliyoiandika ndani ya jalada. Anayechukua mfululizo ahesabiwe siku 28 za kalenda. Anayechukua vipande ahesabiwe siku za kazi tu, na jumla yake isizidi 20, au 24 kwa ofisi inayofungua Jumamosi. Kwa njia hiyo hakuna anayempunja mwenzake. Tungeongeza sharti moja, linalofanana na lile la Mkataba Na. 132: kipande kimoja kisipungue wiki 2 mfululizo. Mwili uliochoka kwa mwaka mzima hauponi kwa siku 3. Siku ya kwanza bado unaota stakabadhi, na ya tatu unawaza utakayoyakuta mezani.

Siku zinazovuja

Kabla ya kufikiri namna ya kuongeza siku, yatupasa kuziba zinakovujia. Sheria inaruhusu siku za ruhusa zenye malipo, ambazo mtumishi ameziomba mwenyewe katikati ya mzunguko, zikatwe katika zile 28. Wengi hawalijui hilo. Wanaomba siku moja ya kufuata kitambulisho, siku moja ya kwenda kuonana na fundi, siku moja ya kikao cha harusi, wakidhani ni wema wa meneja; kumbe wanachota katika mtungi wao.

Mkazi wa Kigamboni anavujisha zaidi kuliko wengine. Shughuli nyingi ziko ng'ambo, na hata baada ya Daraja la Nyerere kufunguliwa mwaka 2016, mtu anayetegemea pantoni na daladala hawezi kuahidi kwamba atakwenda Posta na kurudi kabla ya saa nne. Basi akivuka, avuke na shughuli zote za mwezi kwa pamoja. Karatasi zitayarishwe usiku, foleni ya kwanza iwe ya ofisi inayofunga mapema. Siku moja ya ruhusa yaweza kufanya kazi ya siku tatu.

Upande wa pili wapo wanaotumia likizo ya mwaka pale ambapo sheria imewapa siku nyingine kabisa. Kifungu cha 34 kinatoa angalau siku 4 zenye malipo kwa mtumishi anayeuguliwa au kufiwa na mtoto, au kufiwa na mume au mke, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Baba aliyepata mtoto anazo angalau siku 3. Siku hizi zisichanganywe na zile 28. Mjomba na shangazi hawakutajwa, ingawa kwa mila zetu matanga yao hayakwepeki. Hapo mtumishi ataomba ruhusa ya kawaida akijua itatoka wapi. Kadhalika, likizo ya mwaka haiendi sambamba na likizo ya ugonjwa. Anayelazwa hospitali akiwa likizoni atunze cheti cha daktari na kumjulisha katibu mapema, ili siku zile zihesabiwe mahali pake.

Safari

Kwa watumishi ambao kwao ni mbali, sehemu kubwa ya likizo ya vipande huliwa na barabara. Anayekwenda Bukoba yuko njiani zaidi ya siku moja kwenda na zaidi ya siku moja kurudi. Mwenye kipande cha siku 5 asijaribu. Huyo achukue zote kwa pamoja. Anayekwenda karibu zaidi ana nafuu kuliko zamani. Tangu mwaka 2023 mabasi ya mikoani yameruhusiwa tena kusafiri usiku, kwa hiyo aweza kuaga kazini Ijumaa, akavuka daraja hadi Stendi ya Magufuli kule Mbezi, na Jumamosi akafungua mlango kwao. Treni ya umeme, iliyoanza kubeba abiria katikati ya mwaka 2024, imefanya Morogoro na Dodoma kuwa safari ya saa chache. Tunashauri siku 2 za mwisho zisiwe za safari. Mtu anayeshuka basi alfajiri na kufungua ofisi saa mbili huanza mwaka wake mpya wa kazi akiwa na deni la usingizi.

Asiye na nauli asidhani likizo haimhusu. Wengi wetu tunajenga, na likizo ndiyo wakati pekee wa kumsimamia fundi. Wengine wana mashamba Mkuranga au Kisarawe. Hatuna haki ya kumwambia mtu kwamba kupiga palizi si mapumziko. Yupo ambaye jembe humtuliza kuliko godoro. Ila awe amechagua mwenyewe, na familia yake pia ipewe siku zake, hata kama ni kwenda pamoja hadi ufuko wa Gezaulole na kurudi jioni.

Wajibu wa chama

Tukirudi kwenye mfano wetu, karani yule hakukosa siku. Alikosa mtu wa kumpokea. Chama chenye watumishi watatu hakiwezi kungoja barua ya maombi ndipo kifikiri. Ratiba ya likizo ya mwaka unaofuata ifikishwe mbele ya Bodi kabla ya mwisho wa Novemba, pamoja na makisio, ili mshahara wa kabla ya likizo na posho ya wa kushikilia viwemo.

Kila chama kina msimu wake. Cha akiba na mikopo kiepuke Desemba na Januari. Cha wavuvi wa Kimbiji au Pemba Mnazi kina nafasi Juni na Julai, wakati kusi inavuma kwa nguvu na vyombo vidogo vinatoka kwa shida. Samaki ni wachache mnadani na karani mmoja anatosha. Jirani zetu wa korosho Mkuranga wasithubutu kumtoa karani kuanzia Oktoba, minada inapofunguliwa. Vyama viwili vyenye misimu tofauti vyaweza kuazimana karani, na huo nao ni ushirika. Maombi ya namna hiyo yakifika Chama Kikuu mapema, yataangaliwa. Yakifika Ijumaa ya kuondoka, hatuna miujiza.

Makabidhiano yafanywe kwa maandishi. Fedha taslimu ihesabiwe mbele ya mjumbe mmoja wa Bodi na kulinganishwa na daftari la fedha. Namba ya stakabadhi ya mwisho iliyotumika iandikwe, vitabu visivyotumika vihesabiwe, majalada ya mikopo inayosubiri yaorodheshwe, na funguo zisainiwe. Anayekabidhi abaki na nakala, nayo ni kinga yake, kwa maana kosa litakalotokea nyuma yake halitamwangukia.

Hapa pana jambo ambalo tunaomba lisomwe bila hasira. Mshika fedha ambaye miaka inapita haendi likizo aghalabu husifiwa katika mkutano mkuu kwa kujitolea. Sifa hizo zatutia wasiwasi. Huenda ni mwaminifu kabisa, naye ndiye anayeonewa. Lakini daftari ambalo halijawahi kushikwa na mkono mwingine halijathibitishwa na mtu. Marejesho yaliyopokelewa na kutoandikwa, au mkopo uliofunikwa kwa mkopo mwingine, hufichika maadamu mhusika yupo dirishani kila siku kuwajibu wanachama. Akiwa mbali wiki 2 au zaidi, mwanachama atakuja na stakabadhi yake, na karani mgeni ataifungua leja. Kwa sababu hiyo mshika fedha asiruhusiwe kugawa likizo yake yote katika vipande vidogo, na asipigiwe simu ya "njoo utufungulie tu kasha" siku ya tatu.

Ikiwa chama hakikumpa mtumishi likizo, kisikimbilie kuinunua kwa fedha. Fedha itapita mkononi, uchovu utabaki, na leja itabaki mikononi mwa mtu yuleyule.

Maswali ya kujadiliwa katika kikundi

1. Katika chama chenu, kila mtumishi anadaiwa au anadai siku ngapi za likizo leo? Jibu litolewe kutoka katika daftari, si kwa kukumbuka.

2. Mtumishi aliyeajiriwa tarehe 1 Machi 2025 hajaenda likizo. Mzunguko wake wa kwanza unaisha lini, na tarehe ya mwisho ya Bodi kumpa likizo hiyo ni ipi, ikiwa hakuna makubaliano ya kuongeza muda?

3. Karani ameomba siku 3 baada ya Pasaka, na meneja ameomba zilezile. Ofisi ina watu wawili tu. Amueni, na andikeni sababu za uamuzi wenu kama zitakavyoingia katika muhtasari.

4. Mshika fedha wenu akienda likizo Jumatatu ijayo, nani ataketi dirishani saa mbili asubuhi?